Tumbo linasumbua ukila ngano? Tafuta chanzo kabla ya kuacha chapati

Wifi yangu alikuja kwangu akiwa ameacha ngano kwa miezi minne. Chapati hagusi, mkate hagusi, hata maandazi ya msibani alikuwa anayapitisha. Wiki za mwanzo tumbo lilipoa kidogo, kisha likarudi vilevile: linajaa ikifika saa nne asubuhi, linaunguruma ofisini mpaka anaona haya, na mara mbili tatu kwa wiki anakimbilia chooni. "Wifi, mimi nina gluteni," akaniambia. Nikamuuliza asubuhi ile amekula nini. Viazi vitamu na chai ya maziwa, vikombe viwili vikubwa.

Kwenye kazi yangu ya lishe namuona wifi yangu kila wiki kwa sura nyingine. Wengi wanaoilaumu gluteni, protini iliyo kwenye ngano, wanasumbuliwa na kitu kingine kilichokuwa kwenye sahani au kikombe kilekile. Na wale wachache ambao kweli hawatakiwi kuigusa, wanaiacha kabla ya kupimwa, kisha kipimo kinatoka safi na ugonjwa unabaki umejificha. Ukitoka hapa na jambo moja tu, liwe hili: ukihisi ngano inakudhuru, kapime damu ukiwa bado unaila.

Kwanza, dalili zisizosubiri

Ukiona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami na hutumii vidonge vya madini ya chuma, usianze kubadilisha vyakula nyumbani. Nenda hospitali. Vivyo hivyo ukiwa unapungua uzito bila kukusudia, una homa, unatapika mfululizo, chakula kinakwama ukimeza, macho yamekuwa ya manjano, au maumivu na kuharisha vinakuamsha usingizini. Mtu aliyepita miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika ghafla, au ambaye ndugu yake wa damu aliwahi kuugua saratani ya utumbo, naye asingoje.

Kuna dharura moja inayotokana na ngano yenyewe. Ukiila na ndani ya dakika chache midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka ya kuwasha au kifua kikabana, hiyo ni mzio. Ni jambo tofauti na yote yatakayofuata hapa, na unatakiwa kukimbilia matibabu saa hiyohiyo.

Ishike gluteni kwa mkono wako

Kanda unga wa ngano kwa maji matupu, upate donge la ukubwa wa limau. Liache nusu saa. Kisha lizamishe kwenye bakuli la maji ulikamue polepole kwa vidole. Maji yatakuwa meupe kama tui: ni wanga unatoka. Mwaga, weka mengine, endelea. Ukishabadilisha maji mara tano au sita, mkononi utabaki na kitu cha kijivu, kinateleza, ukikivuta kinarefuka kama ubani uliotafunwa, ukikiachia kinajirudi. Hiyo ndiyo gluteni. Mtaliano Jacopo Bartolomeo Beccari wa Bologna aliieleza kwa njia hiihii ya kuosha unga, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1745.

Rudia na unga wa sembe. Donge litasambaratika majini na hutabaki na chochote cha kuvuta. Ndiyo maana chapati inasukumika ikawa nyembamba bila kukatika, na ugali hausukumiki. Gluteni imo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, ndizi, dengu na maharage hayana.

Daftari la siku 14

Usibadilishe kitu bado. Kwa wiki mbili andika kila unachokula na kunywa, saa uliyokula, dalili na saa ilipoanza, na choo kilivyokuwa. Andika na dawa, siku za hedhi, na usiku uliolala vibaya. Usiandike "chapati" ukaishia hapo. Andika chapati mbili, zilikuwa na mafuta kiasi gani, ulizila na maharage au na mchuzi, na ulishushia nini. Pale ndipo mhalifu anapoonekana, na saa ndiyo inayomtaja: kinachokusumbua baada ya dakika 40 si kile kinachokusumbua baada ya saa sita.

Gesi, msokoto na kuharisha ndani ya saa mbili baada ya chai

Anza na maziwa. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktezi kilicho kwenye utumbo mwembamba. Kwa sehemu kubwa ya watu duniani, laktezi hupungua wakishatoka utotoni. Laktosi isiyovunjwa huvuta maji, inateremka mpaka utumbo mpana, na bakteria wa huko wanaichachua. Gesi na mharisho vinatoka hapo. Huku kwetu maziwa na ngano hukaa meza moja kila asubuhi, chai kwa chapati, chai kwa mkate, kwa hiyo ngano inabebeshwa lawama isiyo yake.

Kwa wiki mbili acha maziwa mabichi na ya unga, maana laktosi imo kwenye yote mawili. Kunywa chai ya rangi, au tia tui la nazi. Chapati iache palepale ilipo, ili ujue umeondoa kitu kimoja tu. Ukipata nafuu, siku ya 15 kunywa glasi moja ya maziwa peke yake tumbo likiwa tupu. Dalili zikirudi, umepata jibu, na si lazima uachane na maziwa kabisa: wengi wanavumilia kiasi kidogo pamoja na chakula, na mtindi huwa mwepesi zaidi kwa sababu bakteria waliougandisha wameshakula sehemu ya laktosi. (Wasomaji kutoka jamii za wafugaji watasema bibi zao walikunywa maziwa mpaka uzeeni bila taabu. Ni kweli. Utafiti wa mwaka 2007 uligundua kwamba watu wa Kenya, Tanzania na Sudan wana mabadiliko yao ya jeni yanayoidumisha laktezi ukubwani, tofauti na yale ya Ulaya.)

Kama maziwa yalikuwa hayakusumbui na yameanza ghafla, kumbuka kama ulitoka kuharisha vibaya. Utumbo uliojeruhiwa hupoteza laktezi kwa muda. Seliaki isiyotibiwa, ugonjwa wa kinga ya mwili unaochokozwa na gluteni, nayo hufanya hivyo.

Wifi yangu aliandika siku 14, akaacha maziwa siku 14. Kwenye ukurasa wa siku ya tisa ameandika neno moja, "kimya", na chini yake mstari.

Tumbo kama ngoma, saa kadhaa baada ya chapati maharage

Ngano ina gluteni, lakini ina pia frukutani, aina ya wanga ambayo binadamu hana kimeng'enya cha kuivunja. Inafika utumbo mpana nzima na bakteria wanaishangilia. Frukutani imejaa pia kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu. Maharage, kunde na dengu zina wanga wa jamaa yake. Sasa itazame sahani ya chapati maharage yaliyoungwa kwa vitunguu vitatu. Umekula vyanzo vitatu vya gesi kwa wakati mmoja, na aliyesemwa ni mmoja.

Mwaka 2018 watafiti wa Oslo, Norwei, walichapisha jaribio walilowafanyia watu 59 wasio na seliaki, walioacha gluteni wenyewe kwa kuona inawaumiza. Kila mmoja alipewa vitafunio vya aina tatu kwa nyakati tofauti, bila kujua ni kipi: chenye gluteni, chenye frukutani, na kisicho na chochote kati ya hivyo. Waliopata dalili kali zaidi kwa frukutani walikuwa 24, kwa kile kisicho na kitu 22, kwa gluteni 13. Namba hizo nawaonyesha wateja wangu kwa upole, kwa sababu maumivu yao ni ya kweli. Jina la chanzo ndilo walilokosea.

Kipimo cha jikoni ni hiki. Siku moja kula wali kwa maharage yaliyoungwa na kitunguu kingi, bila ngano hata punje. Siku nyingine, tumbo likiwa tulivu, kula chapati moja na samaki wa kukaanga bila kitunguu. Ukivimba siku ya wali, gluteni haihusiki.

Dawa yake haihitaji duka. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya, na mwaga tena povu la kwanza. Frukutani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta; kwa hiyo kaanga saumu nzimanzima mpaka mafuta yanukie, itoe, kisha endelea kupika. Majani ya kitunguu tumia, kichwa chake acha. Punguza pia wingi: chapati moja badala ya tatu ni tiba kwa watu wengi kuliko wanavyotarajia.

Mpango kamili wa kupunguza wanga wa aina hii ulitengenezwa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne. Una hatua ya kuondoa, wiki mbili hadi sita, halafu hatua ya kurudisha kimoja kimoja. Watu wanaipenda ya kwanza na kuisahau ya pili, wanabaki wakila wali na kuku mwaka mzima. Usifanye hivyo. Bakteria wa utumbo mpana wanaishi kwa wanga huohuo unaokuletea gesi, na mlo uliobanwa muda mrefu unawadhoofisha.

Kiungulia na chembe ya moyo kuwaka

Maandazi, sambusa, chapati za kusukumwa kwa mafuta mengi: mafuta hukawiza tumbo kumwaga chakula, na tumbo lililojaa linasukuma asidi juu. Ukilala ndani ya saa mbili baada ya kula, unaongeza. Wakati wa Ramadhani hili huwapata hata wenye matumbo ya chuma, kwa kuwa futari inaanza na vya kukaanga na tumbo limekaa tupu mchana mzima. Jaribu chapati kavu, isiyo na mafuta, saa saba mchana. Isipokuwasha, tatizo ni mafuta na saa ya kula.

Maumivu ya kuchoma yanayorudi, hasa njaa ikiuma au usiku wa manane, yapimwe vidonda vya tumbo. Kuna visababishi viwili vikubwa. Kimoja ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wanazimeza kama peremende. Cha pili ni bakteria Helicobacter pylori, waliotambuliwa na Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 2005. Marshall aliwanywa mwenyewe ili kuthibitisha. Omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu hakiwezi kutofautisha maambukizi ya sasa na yaliyokwisha zamani. Acha omeprazole na dawa za jamii yake wiki mbili kabla ya kupima, na antibiotiki ziwe zimepita wiki nne, vinginevyo utapata majibu ya uongo.

Kuharisha wiki hadi wiki, na umetibiwa taifodi mara ya tatu

Hapa nina uchungu. Mtu ana gesi na choo kilegevu miezi mitano, hana homa, na kila akienda anapimwa damu kwa kipimo cha Widal, anaambiwa taifodi, anapewa antibiotiki. Widal hukosea mara nyingi, na taifodi ni ugonjwa wa homa. Kila dozi isiyohitajika inawavuruga bakteria wa utumbo na kuongeza kuharisha kulekule.

Omba choo kipimwe vizuri, ikibidi zaidi ya siku moja. Choo cha mafuta, kinachoelea, chenye harufu kali, pamoja na mbwewe zenye harufu ya yai viza, kinaelekeza kwa Giardia, kijidudu cha maji machafu kinachotibika. Kama choo kiko hivyo na Giardia haipo, soma sehemu ya seliaki hapa chini. Na pitia dawa zako: metformini ya kisukari huharisha wengi, na daktari anaweza kubadilisha aina au namna ya kuitumia.

Choo kigumu

Mkate mweupe asubuhi, sembe mchana, wali mweupe usiku. Gluteni haina kosa, nyuzinyuzi hazipo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Hamia dona, ongeza matembele, kisamvu, kunde, papai, na upandishe polepole kwa wiki mbili tatu pamoja na maji, la sivyo utabadilisha choo kigumu kwa gesi. Wajawazito wanaotumia vidonge vya chuma waseme kliniki, maana vidonge hivyo hufunga choo. Na kwenye choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu.

Damu haipandi, uzito unashuka, mtoto hakui

Sasa tumefika kwa gluteni yenyewe. Kwenye seliaki, kinga ya mwili ikichokozwa na gluteni hugeuka na kuushambulia utando wa utumbo mwembamba. Utando huo kwa kawaida una vinyweleo vidogo vilivyosimama kama zulia la manyoya, na kazi yao ni kufyonza chakula. Vikilala, mtu anakula na mwili haupokei. Ndiyo sababu ishara zake nyingi haziko tumboni: upungufu wa damu usiopona kwa vidonge, uchovu, vidonda vya mdomoni visivyoisha, mifupa kudhoofu, mimba kuharibika mara kwa mara, malengelenge ya kuwasha viwikoni, magotini na makalioni. Mtoto anakuwa na tumbo kubwa na makalio yaliyokonda, na ni rahisi kudhaniwa ana utapiamlo wa kawaida. Muulize mama yake: alianza kukonda lini, na uji wa lishe anaopewa una ngano ndani?

Inakadiriwa mtu 1 kati ya 100 duniani ana seliaki. Kwa mzazi, mtoto au ndugu wa mgonjwa ni takriban 1 kati ya 10. Wanaosema ni ugonjwa wa Wazungu wajue kuwa utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi walioko kambini Algeria, ulikuta watoto 56 katika kila 1000.

Chanzo chake kilikawia kujulikana. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alikuwa akiwalisha wagonjwa hawa ndizi, na wakipona aliamini ndizi ndiyo dawa, kumbe ilikuwa imechukua nafasi ya mkate. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeishuku ngano. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 iliufanya mkate uadimike, na watoto aliowatibu wakawa na nafuu wakati nchi nzima inadhoofu. Aliandika matokeo yake kwenye tasnifu ya mwaka 1950.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinatafuta kingamwili aina ya tTG-IgA. Omba wapime na IgA ya jumla, kwani wachache wana upungufu wake na kipimo kinawaruka. Kikiwa chanya, mtu mzima kwa kawaida hupitishwa mpira wenye kamera na kuchukuliwa vipande vidogo vya utumbo. Yote haya yanahitaji gluteni iwe mwilini. Kama umeshaiacha, zungumza na daktari kuhusu kuirudisha, kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki zisizopungua sita, ndipo upime.

Ukithibitishwa kuwa na seliaki

Ni maisha yote, na hakuna siku ya kujifurahisha. Lakini jiko letu limekupendelea: ugali, wali, ndizi, muhogo, magimbi, viazi, uji wa ulezi, vitumbua vya mchele, mkate wa kumimina. Mikate maalumu ya bei kubwa huihitaji.

Hatari iko kwenye vilivyojificha. Urojo wa Zanzibar huwa mzito kwa unga wa ngano. Viazi karai huchovywa kwenye uji wa ngano. Bokoboko ni ngano yenyewe. Bajia za dengu na vitumbua vya barabarani wengine huchanganya ngano kidogo, muulize muuzaji. Chipsi hukaangwa kwenye mafuta ya sambusa. Sosi ya soya nyingi ina ngano, na vinywaji vya kimea vina shayiri. Neno shayiri lenyewe linachanganya, kwa sababu wengine huita hivyo hata oti; oti zisizochanganyika na ngano wengi wenye seliaki wanazivumilia, shayiri halisi hapana. Mashine ya kusagia ya mtaani iliyotoka kusaga ngano inaacha unga wa kutosha kukudhuru: saga nafaka yako kwa kinu chako, au tafuta mashine isiyosaga ngano. Chuma cha chapati kiwe chako peke yako. Chakula kinachouzwa kama kisicho na gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Mkatoliki azungumze na padri wake, kwa kuwa hostia za gluteni kidogo zinaruhusiwa.

Vipimo vyote ni safi, na tumbo bado

Kama unaumwa tumbo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, maumivu yanaendana na kwenda haja, na choo kimebadilika, huenda ni utumbo wenye hisia kali. Ugonjwa upo, hata kama kamera haioni kitu. Mishipa ya fahamu ya utumbo na ubongo vinapeana habari kwa sauti kubwa mno. Hapa daftari linarudi mezani, pamoja na usingizi, mwendo wa miguu wa kila siku, na mambo yanayokukosesha amani. Ondoa kitu kimoja, wiki mbili, kirudishe, andika.

Wifi yangu alirudisha ngano, akala wiki sita, akapima damu, ikatoka safi. Sasa asubuhi anakula chapati moja kwa chai ya rangi yenye tangawizi, na jioni bakuli la mtindi. Kitunguu bado tunakijaribu; wiki hii yuko kwenye nusu kichwa kwa sufuria ya watu wanne.